Mishahara Yetu, Shusha!

Kwaya yetu ya wanaume pale karakana ina watu 11, na anayejua kusoma nota ni mwalimu peke yake. Sisi wengine tunasoma midomo yake. Hata hivyo, Mei Mosi moja tulipangiwa kupita mbele ya jukwaa kuu, Uwanja wa Jamhuri, Morogoro, tukiwa na fulana mpya na kofia ambazo zilimtosha mhasibu tu.

Mpango ulikuwa hivi: watu wa tena, yaani sauti nyembamba, wapande Fuso pamoja na jenereta, spika na ngoma. Watu wa besi tutembee nyuma na maiki moja ya waya. Kwa nini besi ndio watembee? Mwalimu alisema sauti nzito hutoka ardhini. (Mwalimu mwenyewe ni tena.)

Maiki nilishika mimi, maana ndimi niliyeisainia kule tulikoikodi.

Mvua ya masika ikatupiga tangu Msamvu. Ngoma ikalowa, ikawa inalia kama godoro. Mpiga ngoma, mtu asiyekosa mbinu, akaona heri apige bodi ya gari.

Sasa sikia. Wimbo alitunga mwalimu: watu wa tena wanaimba "Wafanyakazi wa nchi hii!", besi tunaitikia "Twende!" Na dereva tuliyepewa siku hiyo alikuwa ameendesha daladala miaka 9.

Fuso likasimama mbele ya mgeni rasmi. Watu wa tena wakaanza. Bodi ikagongwa: pa, pa! Huku nyuma sauti nzito zikajibu: "Twende!"

Akaondoa gari.

Waya ukanyooka. Mwenye akili zake angeachia maiki, lakini mimi nilikumbuka saini yangu. Nikatimua mbio. Besi wenzangu, ambao bila mimi hawajui pa kuingilia, nao wakanifuata mbio, na watu majukwaani wakashangilia wakidhani tumeleta mchakamchaka. Pumzi zikiniishia, nikapiga kelele neno pekee ambalo dereva wa daladala hulitii: "Shusha! Shusha!"

Nilisahau kwamba maiki ilikuwa hewani.

Na kule juu ya gari, watu wa tena, ambao wakipandisha sauti lazima wafumbe macho, hawakuwa na habari. Walikuwa wameshaingia ubeti wa pili. Uwanja mzima ukasikia:

"Mishahara yetu!"

"Shusha!"

"Na marupurupu!"

"Shusha! Shusha, mjomba!"

Mgeni rasmi alisimama kabisa, akapiga makofi. Sijawahi kuona kiongozi akipokea madai ya wafanyakazi kwa furaha namna ile.

Dereva naye alitii. Akawasha indiketa, akasogea pembeni kistaarabu hadi nyuma ya goli, akatoa kichwa dirishani:

"Mnashuka wangapi hapo?"