Shaba ilifika Kisale kabla ya barabara

Juma lililopita nilialikwa kwenye mkutano katika ukumbi mmoja hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, ambako mheshimiwa fulani alitueleza, bila hata kupepesa jicho, kwamba majimbo yasiyo na migodi hayana budi kuvumilia, kwa kuwa mbuzi hula pale alipofungwa. Ukumbi ukacheka. Saa saba tukaletewa bukari, yaani ugali wetu, na samaki wakubwa kutoka maziwa ya Upemba, naye mheshimiwa akala wawili na kuomba mchuzi tena.

Kanuni ya Migodi ya 2018 inagawa mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa madini wanayochimba, hivi: 50 kwa mia ni za serikali kuu, 25 za jimbo lenye mgodi, 15 za uchifu, sekta au mji ambamo shimo limechimbwa, na 10 za vizazi vijavyo (vizazi vya sasa vya Bukama na Malemba-Nkulu, huko kwenye maziwa ya Upemba, bila shaka, vilifanya haraka kuzaliwa). Hadi 2015 tulikuwa nyumba moja, Katanga. Tulipogawanywa mara nne, wengine walitoka na sufuria, na Haut-Lomami, jimbo la maziwa hayo, ikatoka na mfuniko.

Wachimbuzi wa mambo ya kale walipofukua makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale katika bonde la Upemba, mwaka 1957, walikuta wafu wa karibu miaka 1,000 iliyopita wamezikwa pamoja na vyungu na mapambo ya shaba, na katika makaburi ya baadaye wakakuta misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama fedha. Bonde lile halina shaba. Shaba ilitoka huku kusini, kwa miguu na kwa mitumbwi, na sioni ni kwa nini wafua shaba wangeiachia iende mbali hivyo, kama hawakuwa wakipata kitu kutoka ziwani, nami naamini kitu hicho kilikuwa samaki wakavu. Mchimbaji hali mawe. Hakuyala wakati ule na hayali leo, iwe Kolwezi, Likasi au hapa kwetu, na kila asubuhi vitunga vya samaki wa Upemba hushushwa katika masoko ya miji hii ili shimo liendelee kuchimbwa. Basi naomba nielezwe kwa nini anayemlisha mchimbaji hahesabiwi katika kazi ya mchimbaji, ilhali watu wasiokuwa na kodi, wizara wala mihuri waliweza kulipana kwa haki kiasi cha kuzikwa na malipo yao.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba anayeishi kando ya mgodi ndiye anayepumua vumbi na kuona mto wake ukibadilika rangi, na haki yake itangulie. Itangulie; sikusema imalize chungu.

Wala sidai jambo geni. Ibara ya 181 ya Katiba ya 2006 iliunda mfuko wa kusawazisha maendeleo ya majimbo na kuutengea 10 kwa mia ya mapato ya taifa, na sheria ya kuuendesha ikatoka mwaka 2016, mtoto akiwa amekwisha kufika darasa la nne. Mheshimiwa wetu aliuita mfuko huo “msaada”. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko mbuzi wake, kwa sababu msaada huombwa na kushukuriwa, lakini deni hudaiwa. Kuhusu Mpango wa Wilaya 145, ule wa serikali wa kuendeleza wilaya za nchi nzima, najua, umeleta madarasa na vituo vya afya, na mwenye kujengewa ashukuru. Ila darasa halisafirishi samaki. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, kwa sababu wakoloni walikuwa na hesabu zao, na tangu hapo bonde lile limengoja barabara inayopitika wakati wa mvua.

Jumamosi nilikwenda soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, kwa mama ninayenunua kwake siku zote. Alikuwa amekaa juu ya gunia akitenganisha samaki wazima na waliopondeka, maana lori lilikuwa limekwama kwenye tope siku tano.

“Mama, hawa wa chini vipi?” nikamwuliza.

“Hao wamekufa mara mbili, mwanangu. Chukua, nitakupunguzia.”

Nikachukua fungu zima, vichwa, miiba na unga wake. Nimelifunga vizuri katika karatasi, linamngoja mheshimiwa kwenye mkutano ujao.