Nakala Yako Inalala Wapi?

Asubuhi ile tuliikuta ofisi ina maji ya magotini. Nilikuwa mhasibu msaidizi wa chama kimoja cha akiba na mikopo jijini Dar es Salaam, kwenye nyumba isiyo mbali na bonde la Msimbazi, na mvua ya masika ilikuwa imepiga usiku kucha. Seva yetu, kompyuta kuu iliyotunza hesabu zote, ilikaa chini ya meza na ilikuwa imezama. Meneja hakubabaika. "Bakapu ipo," alisema, akainama na kuvuta droo ya chini ya meza ile ile. Akaitoa diski inachuruzika maji ya tope.

Diski ile tuliijaza nakala ya hesabu zetu kila Ijumaa jioni, hatukukosa hata wiki moja. Mkaguzi wa hesabu alikuwa ametusifu kwa hilo. Hakuna aliyewahi kuuliza inalala wapi.

Tangu siku hiyo, nikisikia taasisi inajisifu kwamba ina mpango wa kukabiliana na majanga, swali langu la kwanza ni hilo. Naona ndiko tunakoangukia wengi. Tunanunua cha pili, kisha tunakiweka ubavuni mwa cha kwanza, na janga likija linavizoa vyote viwili.

Wakubwa nao wamo. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikonga miwili ya baharini inayobeba intaneti, EASSy na Seacom, ilikatika kwenye pwani ya Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Intaneti ikawa ya kubahatisha kwa siku kadhaa. Ofisi iliyokuwa ikilipia laini mbili kwa kampuni mbili iliamini imejikinga. Lakini kama kampuni zote mbili zilitegemea mikonga ile, ofisi ilikuwa imenunua njia moja mara mbili. Ukienda kulipia laini ya pili, usiulize bei tu. Uliza inapita wapi, na ung'ang'anie jibu.

Kisa ninachopenda kuwasimulia vijana wa TEHAMA ni cha Maersk, kampuni ya meli ya Denmark. Juni 2017 ilivamiwa na programu haribifu iliyopewa jina NotPetya. Walikuwa na seva zipatazo 150 duniani kote zinazohifadhi orodha ya watumiaji na ruhusa zao, na kila moja ilikuwa nakala ya mwenzake. Nani angeogopa? Lakini kwa kuwa zilikuwa zinawasiliana muda wote, zilifutwa kwa pamoja. Ikapona moja tu, ya ofisi yao ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika kule na seva haikuwa mtandaoni. Kutokana na hiyo moja ndipo walipoanza kujenga upya. Hasara ilifika kati ya dola milioni 250 na 300. Kwa hiyo hata umbali wa bara zima hautoshi, kama waya unaoziunganisha hauchomolewi kamwe.

Jambo jingine ni kujaribu. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika sehemu kubwa ya Kenya, na pale uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jenereta ikagoma kuwaka. Abiria wakakaa gizani. Jenereta ilikuwepo.

Mahali ninapofanya kazi sasa, kila baada ya miezi mitatu tunatenga Jumamosi moja, tunachukua kompyuta tupu, tunairudishia hesabu zote kutoka kwenye nakala iliyotunzwa mji mwingine. Mara ya kwanza tulikwama kabla ya saa nne asubuhi. Nywila ya kufungulia nakala aliijua dada mmoja tu, naye alikuwa likizo ya uzazi. Nashukuru tulikwama siku ile, kompyuta zetu zote zikiwa nzima.

Mnataka kujua chama chetu kilinusurikaje? Siku ya tatu ya mafuriko alikuja mama mmoja muuza samaki wa soko la Feri. Hakupiga kelele. Alifungua fundo la khanga, akatoa mfuko wa nailoni, na ndani yake kitabu chake cha uanachama, kikavu kabisa, kila shilingi aliyoweka imeandikwa kwa kalamu na kugongwa mhuri wetu. Meneja alikipokea kwa mikono miwili. Tukatangaza kila mwanachama aje na kitabu chake. Tulikaa wiki saba tukinakili ukurasa kwa ukurasa, na waliokuwa wamepoteza vitabu tulizungumza nao mmoja mmoja, tukipekua risiti na kumbukumbu za benki.

Mwaka uliofuata bodi ilipendekeza vitabu vile viondolewe, eti vimepitwa na wakati na uchapaji wake ni gharama. Nilisimama nikapinga. Nilipigiwa kura nikashindwa, na mpaka leo sijabadili msimamo.