Chombo kilekile, sura nyingine: ubishi wa wanazi wa Star Trek

Ukitaka kuwagombanisha wanazi wa Star Trek hapa Mwanza, usiulize nani nahodha bora. Hilo limebishaniwa mpaka limechuja. Uliza hivi: inakuwaje Enterprise, chombo cha anga cha hadithi hiyo, mwaka 2259 ina chumba cha usukani kinachong'aa kwa vioo na taa, halafu chombo hichohicho, miaka sita tu baadaye ndani ya hadithi, kina vibonye vya rangirangi visivyo na maandishi na kuta ambazo hata mtoto anaona ni plaiwudi? Hapo utakuta watu wazima na akili zao wananyanyuka kwenye viti.

Kwa asiyeifuatilia, mambo yako hivi. Star Trek, hadithi ya safari za anga za mbali, ilianza kuonyeshwa kwenye televisheni ya Marekani mwaka 1966, ikimfuata Nahodha Kirk na mwenzake Spock. Tangu hapo zimetoka sizoni na singo nyingi, na nyingine zinarudi nyuma kuelezea yaliyotokea kabla ya Kirk. Discovery, iliyoanza 2017, inaanzia miaka kumi kabla yake. Strange New Worlds, iliyoanza 2022, inaonyesha Enterprise ileile ikiwa bado chini ya Nahodha Pike. Kwa hiyo kamera, kompyuta na bajeti vimesonga mbele zaidi ya nusu karne, huku hadithi ikirudi nyuma. Ukiziangalia kwa mpangilio wa miaka ya hadithi, utaona binadamu wa karne ya 23 wanaamka siku moja na kutupa skrini zao zote ili wafunge taa za plastiki.

Wanaotetea sura mpya wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyokubali. Ya kwanza ni kwamba hadithi hii inadai kuonyesha kesho yetu. Waliobuni vifaa vile mwaka 1966 walikuwa wanaota. Leo simu ya bei ya chini pale Makoroboi inapiga picha, inaonyesha ramani na kutunza maktaba nzima, wakati kile kifaa cha mawasiliano cha Kirk kinachofunguka kama kopo la poda kinapiga simu tu. Ukikibakiza kilivyo, mtazamaji wa Igoma mwenye miaka kumi na saba hataona kesho, ataona jumba la makumbusho.

Ya pili ni kali zaidi, na sijaona aliyeijibu vizuri. Mbona nyuso zimebadilika na tumenyamaza? Spock alikuwa Leonard Nimoy, akawa Zachary Quinto kwenye filamu ya 2009, akawa Ethan Peck mwaka 2019. Kirk alikuwa William Shatner, akaja Chris Pine, sasa ni Paul Wesley. Hakuna aliyeandika sehemu mbili za kueleza kwa nini pua ya Spock imebadilika. Tunajua mwigizaji ni mwigizaji na mhusika ni mhusika, maisha yanaendelea. Kama uso wa mtu unaruhusiwa kubadilika bila maelezo, ukuta wa mbao una heshima gani ya kuuzidi?

Na Discovery yenyewe iliitumia hoja hiyo waziwazi. Machi 2019, sehemu mojawapo ya msimu wa pili ilifunguliwa kwa vipande vya ile picha ya majaribio iliyopigwa katikati ya miaka ya 1960, ambamo Pike aliigizwa na Jeffrey Hunter. Vipande vile vilipita na rangi zake za zamani, kisha uso wa Hunter ukaachia nafasi uso wa Anson Mount, Pike wa sasa. Ujumbe haukuhitaji mkalimani: hiki na kile ni kitu kimoja, kimechorwa mara mbili. Niliipenda sana. Mtu aliyeiona sehemu ile bado akang'ang'ania kwamba waandaaji wamesahau Star Trek ya zamani, huyo hataki tu kusikia.

Wapinzani nao wamezoea kutupiwa jibu moja la kivivu, kwamba wanalilia utoto wao. Jibu hilo labda linafaa kwa mzee wa Chicago aliyekuwa amekaa sebuleni 1966. Mwanza halifai. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja mpaka mwaka 1994. Aliyezaliwa Pasiansi au Buhongwa hakumsubiri Spock kila wiki. Wachache waliziona zile filamu kwenye kanda za video, wengine walikuja nazo enzi za sidii, na wengi wa rika la sasa walianza na singo ya 2009, kisha wakaenda kibandani kuingiziwa zilizobaki kwenye flashi, msimu wa tatu ukitangulia wa kwanza kwa sababu ndio uliokuwepo. Dada mmoja anayesoma Malimbe alinijibu kwa ukali nilipomtajia habari ya utoto: "Kaka, mimi za zamani na za sasa zote nimeziangalia mwaka mmoja. Sasa utoto gani ninaoulilia?"

Malalamiko yake yanahusu hadithi, na hadithi hiyo ina ushahidi. Mwaka 1992, miaka zaidi ya ishirini baada ya Kirk kuondoka kwenye televisheni, mhandisi wake Scotty alitokea kwenye The Next Generation, sizoni ya Star Trek iliyokuja baadaye, akaiomba kompyuta imrudishe kwenye chumba cha usukani cha chombo chake cha zamani. Alichokiona ni kilekile cha 1966, na sehemu ya vifaa ilikuwa nakala iliyojengwa na shabiki. Mwaka 1996, kwa kuadhimisha miaka 30, waigizaji wa sizoni nyingine, Deep Space Nine, waliingizwa kwa kompyuta ndani ya picha halisi za 1967, wakatembea kwenye korido zilezile na kukaa karibu na Kirk yuleyule. Mwaka 2005, sizoni iliyoitwa Enterprise ilijenga upya chumba kile kwa sehemu mbili nzima. Mara tatu, basi, wenye hadithi wenyewe walisema: karne ya 23 ilionekana hivi, na walioishi baada yake wanaikumbuka hivi.

Sehemu zile za 2005 zinawaumiza watetezi wa sura mpya kwa namna nyingine pia. Zilipigwa kwa taa na kamera za kisasa, na chumba kile kikapendeza. Kisha kuanzia 2006 sizoni ya Kirk ilisafishwa upya, picha za nje za chombo zikatengenezwa kwa kompyuta bila kugusa umbo alilolichora Matt Jefferies, nazo zikatazamika vizuri kabisa. Kwa hiyo ule usemi kwamba mchoro wa zamani hauwezi kubeba macho ya leo umeshajaribiwa na umeshindwa. Waliobadilisha walitaka kubadilisha. Ni haki yao, ila waseme hivyo.

Sisi wa ziwani tunaijua meli iliyobadilishwa. MV Victoria ilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikasimama 2014, ikafanyiwa ukarabati mkubwa na kurudi kwenye njia ya Bukoba mwaka 2020 ikiwa na injini mpya na jina refu, New Victoria Hapa Kazi Tu. Sijamsikia abiria wa Kemondo akigoma kupanda eti si yenyewe. Tuliiona imesimama, tukajua mafundi wako ndani. Filamu ya kwanza ya Star Trek, ya 1979, ilifanya jambo hilohilo: Enterprise ilikuja na sura mpya kabisa, na Scotty akamweleza Kirk kwamba ilikuwa kwa mafundi kwa miezi 18. Anamzungusha kuitazama kwa dakika nyingi mno, lakini maelezo yapo, na hakuna mnazi aliyelalamika. Enterprise iliyotokea mwishoni mwa msimu wa kwanza wa Discovery, Februari 2018, ni kesi tofauti. Ni kama kuonyeshwa picha inayosemekana ni ya MV Victoria ya 1961, ikiwa na muundo wa 2020, na kuambiwa hivi ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Waklingon, wale wapiganaji wa sayari nyingine, ndio wanaonifanya nisite kusimama moja kwa moja na wapinzani. Walipotokea mara ya kwanza mwaka 1967 walikuwa watu wa kawaida waliopakwa rangi ya kahawia usoni na kubandikwa ndevu. Mwaka 1979, fedha zilipopatikana, wakaota matuta ya mifupa kwenye paji la uso. Hakuna aliyeeleza neno. Mwaka 1994 Deep Space Nine iliwarudisha Waklingon watatu wa zamani, Kor, Kang na Koloth, wakiigizwa na waigizaji walewale wa miaka ya 1960, safari hii wakiwa na matuta. Wahusika walewale, waigizaji walewale, vichwa vingine. Na watu waliipenda sehemu ile, wanaipenda hadi leo.

Ilipofika 1996, mabaharia wa Deep Space Nine walipokutana na Waklingon laini ndani ya picha za 1967, ilibidi mtu aulize. Mwenzao Worf, Mklingon mwenye matuta yake, akajibu kwamba jambo hilo hawalizungumzi na watu wa nje. Basi. Watu walicheka, hadithi ikasonga. Kwangu hilo ndilo jibu bora lililowahi kutolewa katika ubishi huu wote, kwa kuwa lilikiri kwamba tofauti ipo na likakataa kuifanyia kazi.

Mwaka 2005 waliamua kuifanyia kazi. Sehemu mbili nyingine za ile sizoni ya Enterprise zilieleza kwamba mwaka 2154 Waklingon walijaribu kutumia vinasaba vya binadamu walioboreshwa, kikazuka kirusi, na mamilioni wakapoteza matuta yao. Ni kisa kilichoandikwa vizuri, na wapo wanaokitaja kama mfano wa kuheshimu mashabiki. Mimi naona kilileta madeni kuliko kilicholipa. Kabla yake, paji la uso la Mklingon lilikuwa suala la mekapu na bajeti. Baada yake likawa historia, na historia ina masharti. Discovery ilipokuja 2017 na Waklingon wenye vichwa virefu visivyo na unywele mmoja, mwaka wa hadithi ulikuwa 2256, karne moja baada ya kile kirusi. Wako wapi wale laini? Bila maelezo ya 2005, swali hilo lisingekuwepo. Tungesema mchoraji amebadilika. Msimu wa pili nywele zikarudi, tukaambiwa walinyoa kwa ajili ya vita. Strange New Worlds ilipowaonyesha mwaka 2023, wakawa wamerudia sura tuliyoizoea ya miaka ya 1980 na 1990, kimya kimya, na kelele zikapungua.

Kutokana na hapo, nadhani kambi zote mbili zinakosea mahali palepale. Wapinzani wanadai maelezo, na kila wanapoyapata wanapata mwanya mpya wa kubishania. Watetezi nao wanataka mambo mawili yasiyokaa pamoja: wasanii wawe huru kuchora wanavyotaka, halafu papo hapo tukubali kwamba kila kilichochorwa ni kumbukumbu halisi ya ulimwengu mmoja. Chukua uhuru, acha madai. Doctor Who ya Uingereza waliliweka hilo ndani ya hadithi tangu 1966, mhusika mkuu anabadilika mwili na kazi inaendelea. Star Trek haikujiwekea mlango huo.

Kuna ushahidi kwamba hata waandaaji walijua. Mwishoni mwa msimu wa pili, Aprili 2019, Discovery iliruka zaidi ya miaka 900 mbele, na msimu uliofuata ukaanzia mwaka 3188. Ubishi wa sura ukafa siku ileile. Huko hakuna Kirk wa kulinganishwa naye, unaweza kuchora chochote. Wapo waliosema ni kuukimbia uwanja. Mimi naona ndiko ilikotakiwa kuanzia.

Na mwaka 2023, sizoni nyingine, Picard, ilituonyesha makumbusho ya vyombo vya zamani, na miongoni mwao USS New Jersey, chombo cha aina moja na Enterprise ya Kirk, kikiwa na umbo lake la 1966 lilelile. Kwa hiyo ndani ya miaka hiyohiyo, kampuni hiyohiyo inaonyesha sura zote mbili na kuziita za kweli. Wanazi wa mchoro wa zamani walishangilia kana kwamba kesi imeamuliwa. Haikuamuliwa. Ila ilionyesha kwamba sura mbili zinaweza kukaa nyumba moja bila mtu kutoa hotuba.

Hilo ndilo ninaloliangalia kwenye Strange New Worlds, ambayo imetangazwa itaishia msimu wa tano wenye sehemu sita. Hadithi inamkaribia Kirk, na shinikizo la kuunganisha vioo vya Pike na vibonye vya Kirk litakuwa kubwa. Wapo Mwanza wanaosubiri kwa hamu sehemu itakayoonyesha mafundi wakivunja skrini na kufunga taa za plastiki, ili hesabu zikae sawa. Mimi naomba wasiiandike. Pike amkabidhi Kirk kiti, mlango ufunguke, na atakayeuliza kuhusu kuta ajibiwe na Worf.