Si kila mzigo ni wa tipa

Ukimwambia mfanyabiashara wa Arusha kwamba unatafuta trela linalojishushia mzigo lenyewe, atakutajia tipa. Kwa kokoto na mchanga mkavu, sawa. Ninachopinga ni kununua semi la tipa kwa kila kitu, kisha kulipeleka kumwaga kwenye miteremko yetu.

Moramu, ule udongo wa changarawe wa barabarani, ikilowa inashika bodi kama ukoko wa ugali. Jeki inanyanyua, ya nyuma inaporomoka, ya mbele inagoma kule juu kabisa. Hapo uzito wote uko juu, na tairi za upande mmoja zikizama kidogo tu, gari linalala ubavu. Halafu utingo anaambiwa apande na chepe akaigongegonge! Bado hujahesabu nyaya za umeme ambazo bodi iliyonyanyuliwa inaweza kuzigusa.

Kwa mahindi, pumba na maranda kuna trela la sakafu inayotembea. Bodi hainyanyuki kabisa. Sakafu ni mapande marefu membamba, aghalabu ya alumini, yaliyogawanywa makundi matatu yanayosukumwa na haidroliki. Yote yanasogea nyuma kwa pamoja na kubeba mzigo, kisha kundi moja moja linarudi mbele. Kwa kuwa theluthi mbili ya sakafu imetulia, mzigo haurudi nalo. Trela hili linashusha hata ndani ya ghala lenye paa la chini, kama yale ya Unga Limited, mtaa wa viwanda hapa Arusha. Si la haraka kama tipa, na mawe yenye ncha yataila sakafu yake, kwa hiyo wa kokoto abaki na tipa yake.

Bei ni kubwa, ndiyo. Lakini kinachotukwamisha zaidi ni gunia. Mahindi yetu yanasafiri kwenye magunia, yanashushwa mabegani, na humo humo ndimo lumbesa, ujazo wa kupita kipimo, inamoishi: sheria inasema mwisho kilo 100, gunia limevimba hadi limeshonewa kilemba. Mahindi yakija wazi yatalipwa kwa mizani, kilo kwa kilo. Mkulima anafaidika, dalali, sijui.

Makuli watapoteza vibarua, na hilo si dogo. Ila mzigo wa mkulima mdogo wa mlimani utaendelea kuja na Fuso, kwenye magunia, na utahitaji mabega yao. Ninaowasema mimi ni wenye vinu vikubwa, wanaopokea semi baada ya semi za mahindi na bado wanalipa watu kufungua magunia moja moja.