Kelele za umeme hazitibiwi kwa programu

Kihisi cha kasi kinasoma vizuri mezani. Ukikifunga kwenye mashine ya lethi na kuwasha mota, namba zinaruka ovyo. Wengi hapo hufungua kompyuta na kuandika programu isome mara kumi, ichukue wastani. Namba hutulia, lakini kelele, yaani umeme usiotakiwa unaoingilia ishara, bado zimo ndani ya waya, na siku moja zitaizima bodi yenyewe inayoongoza mashine katikati ya kazi.

Mimi naanza na nyaya. Inveta, kifaa kinachodhibiti kasi ya mota, hukata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mkato ni mruko wa mamia ya volti ndani ya muda usiofika hata mikrosekunde moja. Mruko mkali hivyo huvuja kutoka kebo ya mota hadi waya jirani bila nyaya hizo kugusana, kisha hutafuta njia ya kurudi ulikotoka. Usipoupa njia fupi, utapita kwenye waya wa kihisi chako.

Njia hiyo ni wavu wa chuma unaozunguka kebo ya mota, ukiunganishwa na ethi (waya wa ardhini) pande zote mbili kwa kibano kinachoushika mduara mzima. Mafundi wengi huusokota wavu ukawa mkia mrefu, wakaukaza chini ya skrubu moja. Mkia huo hupoteza sehemu kubwa ya faida ya kebo waliyoinunua ghali. Nyaya za kihisi zikae sentimita 20 au 30 kutoka kebo hiyo, na pasipoepukika zikatane nayo kwa nyuzi 90. Waya wa ishara na wa kurudi visokotwe pamoja.

Swichi za kikomo, zinazoiambia mashine imefika mwisho wa njia yake, nazo zisitumie volti 5 zinazoshikiliwa na kipingamizi dhaifu cha ndani ya chipu. Waya mrefu wa namna hiyo ni antena tu. Tumia volti 24, na optokapla (kifaa kinachopitisha ishara kwa mwanga, bila waya wa pande mbili kugusana) kwenye mlango wa bodi. Koili ya kontakta, ile swichi kubwa inayovutwa kwa sumaku ya umeme, nayo hurusha mruko wa volti inapozimwa. Ikiwa ya DC, ifungie daiodi (hupitisha umeme upande mmoja tu) kinyume. Ikiwa ya AC, weka kipingamizi na kapasita vikifuatana, sambamba na koili. (Daiodi huchelewesha kidogo kontakta kuachia. Kumbuka hilo.)

Kuna ushauri mmoja unaonikera: kata waya wa ethi wa mashine, kelele zitapungua. Usikate. Ule unalinda uhai wa mtu. Vilevile kitufe cha dharura kikate kontakta moja kwa moja, kisipitie kwenye programu yako.

Nyaya zikishakaa sawa, ndipo programu ipewe kazi inayoifaa, kupuuza mdundo wa swichi: vyuma vya swichi hudunda milisekunde chache vinapogusana, na kebo hata iwe nzuri kiasi gani haiwezi kuzuia hilo.