Titi la mwanaume: kunyonya mafuta peke yake ni kazi nusu

Mwanaume aliyeota matiti huambiwa mara nyingi kwamba mafuta yatanyonywa kupitia tundu dogo na shida itakwisha. Aliye na mafuta matupu atapona kwa njia hiyo. Mwenye ginekomastia halisi, yaani tezi ya titi iliyokua, atabaki na kinundu nyuma ya chuchu, tena kitaonekana zaidi kwa kuwa mafuta yaliyokificha yameondoka. Kumshawishi akubali njia hiyo kwa sababu tu kovu lake ni dogo ni kumdhulumu.

Mafuta ni laini, hukatika na kuingia mrijani. Tezi ni ngumu, nyeupe, imejaa nyuzi, nayo huikwepa ncha ya kanyula (mrija wa kunyonyea mafuta) ya kawaida. Kutofautisha si kazi kubwa: mgonjwa alale chali, titi likusanywe kati ya kidole gumba na cha shahada, vidole vikielekea kwenye chuchu. Vikigonga kitu kigumu cha mviringo chini ya chuchu, hiyo ni tezi. Vikikutana bila kizuizi, ni mafuta. Penye shaka, altrasaundi itaamua.

Alama zichorwe mgonjwa akiwa amesimama, kwa sababu akilala titi humwagikia ubavuni. Kisha huingizwa maji ya chumvi yenye takriban miligramu 1 ya adrenalini kwa kila lita, pamoja na lidokeini, dawa ya ganzi. Ni lazima kusubiri kama dakika 15 mishipa isinyae. Asiyesubiri atapambana na damu bila sababu. Kanyula ya milimita 3 au 4 hupitia kwapani au kwenye mkunjo wa chini ya titi. Naunga mkono kuanza na kunyonya, maana mbali na kupunguza mafuta, kanyula huichambua tezi kutoka kwenye tishu zinazoizunguka, na kuikata baadaye huwa rahisi. Mkato wa pili, wa kutolea tezi, hufuata nusu ya chini ya duara la chuchu, palepale rangi inapobadilika, ili kovu lijifiche.

Hapa ndipo mikono yenye pupa huharibu. Tezi ikikwanguliwa yote, chuchu hukosa cha kuegemea, hunata kwenye msuli na kudidimia kama kisosi. Kurekebisha shimo hilo ni kugumu kuliko kurudi kupunguza kilichozidi, hivyo iachwe tabaka ya takriban sentimita 1 chini ya chuchu. Baada ya hapo kanyula irudishwe kulainisha kingo, pasibaki ngazi kati ya palipokatwa na palipoachwa. Wengi huiruka hatua hii.

Tatizo la mapema linalotokea zaidi ni damu kuvilia ndani, hasa katika saa 24 za kwanza. Upande mmoja ukivimba ghafla, ukakaza na kuuma kuliko mwingine, mgonjwa arudi hospitali usiku huohuo. Nguo ya kubana huvaliwa wiki 4 hadi 6. Tezi iliyotolewa ipelekwe maabara ya patholojia hata kama mgonjwa ni kijana. Saratani ya titi kwa wanaume ni nadra, takriban asilimia 1 ya saratani zote za matiti, lakini ipo.

Kabla ya yote hayo chanzo kitafutwe: spironolakitoni (dawa ya kuongeza mkojo), steroidi za kujenga misuli, ugonjwa wa ini, uvimbe wa korodani. Kijana anayebalehe asubiri, kwani kwa wengi titi hunywea lenyewe ndani ya miaka 2 hivi.

Na mwenye ngozi nyingi iliyoning'inia, daraja la III katika mpangilio wa Simon wa 1973 wa kupima ukubwa wa ginekomastia, aambiwe mapema kwamba hata njia hizi mbili pamoja huenda zisimtoshe: ngozi nayo itahitaji kukatwa, na kovu litakuwa refu.