Nyasi za Penga Penga: sumu imefungiwa, haijaondoka

Tanuru la shaba la Lubumbashi, mji wa Katanga huko Kongo (DRC), lilianza kuyeyusha mwaka 1911, na kwa miongo mingi upepo wa kusini-mashariki ulipeleka moshi wake upande wa Penga Penga, mtaa wa mji huo. Gesi ya salfa ikaua miombo. Shaba, risasi, zinki na kadimi zikatua ardhini na kubaki, maana metali haiozi. Kiangazi kikifika, udongo ulio mtupu hupeperuka na kuingia majumbani. Mvua zikianza, huteremka mitoni.

Baadhi ya watafiti wanapendekeza ardhi hiyo ivikwe nyasi. Nyasi hizo hazifyonzi sumu ili ivunwe. Kazi yake ni kuushika udongo usitembee. Kwa hiyo hutafutwa mmea unaovumilia shaba bila kuipandisha kwa wingi majanini, maana mbuzi hawasomi mabango. Jaribio la Katanga lililochapishwa mwaka 2010 lilipambanisha nyasi tatu kwenye udongo uliotiwa miligramu 2,500 za shaba kwa kila kilo. Nyasi ya huko huko, Microchloa altera, ndiyo iliyosalia kwa wingi zaidi pasipo kuongezwa chokaa wala mboji. Ukoka, tunaoudhani haufi, ulihitaji chokaa. Chokaa pia ilipunguza shaba majanini kuliko mboji ilivyofanya.

Matokeo hayo yanatia moyo, ila wanaoshuku nao wana hesabu yao. Dozi ndogo ya mboji katika jaribio hilo ilikuwa kilo 4.5 kwa mita moja ya mraba, yaani tani 45 kwa hekta. Dozi kubwa ilikuwa mara tano ya hiyo. Nani atazisomba, na kutoka wapi? Chokaa nayo huishiwa nguvu. Ardhi ikirudia uchachu wake, shaba huanza tena kuyeyuka. Juu ya hayo kuna moto wa nyika, ambao kila kiangazi unaweza kuliacha eneo tupu.

Hofu yangu kubwa lakini ni rangi ya kijani yenyewe. Eneo jeusi lisiloota kitu humwonya mtu. Likishaota nyasi, katika mji wenye njaa ya ardhi, litaonekana shamba: leo mbuzi, kesho matuta ya lengalenga (mchicha), na mboga za majani ni hodari wa kunyonya kadimi.

Hata hivyo, mbadala wa kuchimba udongo wote na kuuhamisha una maana pale penye bustani au uwanja wa shule. Kwa eneo zima lililopigwa na moshi ni ndoto, na sumu yenyewe ingehamia kwa jirani mwingine. Nyasi nazikubali, kwa sababu vumbi linavutwa na watoto sasa hivi. Lakini mradi utakaofika Penga Penga bila fedha za chokaa ya mwaka wa kumi, na bila kuzipa familia mahali salama pa kulima lengalenga, ningeukataa.